Mke Wangu Alisimama Mkutanoni Kuzuia Nisipewe Bunduki

Admin, ukiweka hii usitaje jina langu wala kijiji, maana huku Muleba tunajuana. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, nimeanza tangu asubuhi. Nina miaka sabini na mbili. Niliishia darasa la nne, lakini kwa kahawa, migomba na vanila hakuna msomi wa kijiji hiki anayenifikia. Mke ni mmoja, wa ndoa ya kanisani, watoto saba na wote nimesomesha mimi.

Zamani nilikuwa na gobore la marehemu baba. Nguruwe pori wakiingia kwenye migomba ya mtu ni mimi naitwa. "Kamwiteni mzee aje na gobore lake!" Nilikuwa nakwenda taratibu kabisa, ili wanione. Serikali iliposema magobore yasiyo na leseni yasalimishwe, nikalipeleka mwenyewe kituoni, nikaambiwa asante. Nikabaki na panga.

Sasa kuna jirani yangu, nimuite Ta Kato, yaani Mzee Kato, si jina lake. Alistaafu kazi Bukoba mjini akarudi kwenye kibanja cha baba yake, tunapakana. Huyu ana leseni na ana bunduki ya pampu, ile ya marisau, unavuta mkono nyuma unarudisha mbele, kra-kra, imeshakaa tayari. Siku nyingine anakwenda kulenga shabaha na wastaafu wenzake, akirudi anasimulia na watu wanasikiliza! Mtu hajawahi kuua hata panya. Siku hizi nguruwe wakija, wezi wa vanila wakija, anaitwa yeye.

Hayo ningevumilia. Kilichoniuma ni mchana mmoja mbwa walibweka kule kwenye vanila. Mimi nimekaa barazani, mzima, panga liko hapa. Mke wangu akanipita kama ananipita nguzo, akaita kwenye uzio: "Ta Kato! Ta Kato waitu, tafadhali njoo utuangalizie!" Akaja na bunduki yake. Kumbe ni mbuzi wa mtu. Basi mke wangu akamkaribisha, akamletea kahawa ya kutafuna, ile nzuri anayoifunga kwenye jani kwa wageni wa heshima. Akacheka hadithi za shabaha mpaka akajifuta machozi. Mimi hajanichekea hivyo sijui tangu lini.

Nikaamua na mimi nanunua pampu. Nikaenda Nshambya kwa rafiki yangu, askari mstaafu, anieleze. Akasema, "Mzee, ya kulinda nyumba chukua ya mtutu mfupi, haikusumbui mlangoni. Kitako kiendane na bega lako. Mtutu mrefu ni wa shabaha na ndege. Na kabla ya bunduki nunua sanduku la chuma la kuifungia." Nikamuuliza mrefu kabisa ni wa kiasi gani. Akanitazama. "Kwani unagombana na nani?" Nikamuaga.

Nikamtembelea Kato, nikamwambia nataka kuiona. Akaitoa, akanionyesha haina risasi, akanipa. Ni nzuri, nakiri, mikono iliniuma kuirudisha. Alipotoka kufukuza kuku kwenye kahawa yake iliyoanikwa, nikatoa kamba ya mgomba mfukoni nikapima mtutu, nikafunga fundo. Nyumbani nikaongeza vidole vinne, nikafunga fundo la pili. Hapo ndipo mwisho wa bunduki yangu. Nikamwonyesha mke wangu kamba nikijisifu, kisha nikaiweka sandukuni pamoja na cheti cha ndoa.

Maombi ya leseni yanaanzia kijijini. Siku ya mkutano mwenyekiti akasoma jina langu, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mke wangu akasimama katikati ya akina mama. Nikajua ananisifu. Kumbe ameshika kamba yangu.

"Mwenyekiti, huyu mume wangu si mwizi wala si mlevi. Ila tazameni. Fundo hili ni bunduki ya Ta Kato. Fundo hili ni ya kwake. Hao wezi wa vanila amewapimia wapi?"

Watu walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Halafu Kato akasimama, eti, "Jamani, mzee apewe. Alikilinda kijiji hiki sisi tukiwa mjini. Mimi namdhamini." Akapigiwa makofi! Makofi yangu hayo! Mwenyekiti akasema, "Mzee, nendeni nyumbani mkaelewane, ndipo urudi."

Nyumbani nikamuuliza mke wangu kwa nini ameniaibisha. Aliendelea kumenya ndizi. "Siku ile ya mbuzi nilimwita Ta Kato kwa sababu wewe ungetoka na panga. Mwizi akikuua, mimi nabaki na nani? Kato akiuawa, ana mke wake wa kumlilia."

Nikatoka kwenda kukagua migomba ambayo nilishaikagua.

Sasa ametoa sharti. Atakubali mbele ya mkutano, lakini ninunue ya mtutu mfupi kama askari alivyosema, na mdhamini awe Kato. Fupi! Fupi kuliko ya Kato, na sahihi ya Kato juu yake! Nikikataa, nakaa na panga na yeye ataendelea kuita kwenye uzio.

Wa kuniambia nina wivu apite, hilo kijiji kizima kimeshaambiwa. Mimi nauliza moja tu, nifanye nini? Nishaurini kabla ya Jumapili, maana baada ya misa Kato anakuja kusikia jibu langu. Mke wangu ameshaandaa kahawa ya kutafuna. Nimechungulia jikoni. Safari hii amefunga majani mawili, na moja amelifunga kwa ile kamba yangu.