Nondo ya Kengele

Madereva wote walimwita Mama Fungua, maana ndilo neno walilompigia kelele wakifika kwenye kizuizi chake: "Mama, fungua!" Naye hafungui ng'o mpaka akague karatasi zako, akuulizie hali ya mkeo, na akuchambe kidogo kwa yale matairi yako yaliyolika. Miaka kumi na tisa alikuwa akipandisha na kushusha ule mti wa chuma kwenye mwisho wa daraja, upande huu wa mpaka. Upande wa pili, hatua kama mia mbili hivi, kulikuwa na mzee mmoja mwenye kazi hiyohiyo, aliyejulikana kwa jina la Kengele.

Daraja lenyewe jembamba, lori moja tu kwa wakati, na simu ya waya kati ya vituo viwili ilikufa zamani. Kwa hiyo wale wawili walikuwa na utaratibu wao usioandikwa popote. Kila mmoja alining'iniza rimu ya lori nje ya kibanda chake, na kando yake kipande cha nondo. Kengele akitaka kuruhusu mtu avuke, anaigonga rimu yake kwa nondo mara mbili. Mama Fungua akijibu mara mbili, njia nyeupe. Akijibu mara moja, subiri. Basi. Kwa miaka yote hiyo hakuna malori yaliyowahi kukutana katikati.

Na utani sasa! Kengele alidai angemwoa dada mkubwa wa Mama Fungua kama mto usingekuwa hapo, kwa hiyo akamwita shemeji. "Shemeji wa hewa!" Mama Fungua alimjibu kila walipokutana kukagua mbao za daraja. "Mahari hujatoa hata kijiko."

Binti wa pekee wa Mama Fungua alisoma chuo ng'ambo kule, masomo ya uhusiano wa kimataifa. Likizo iliyopita, wakikunja nguo zilizokauka, alimweleza mama yake nadharia aliyokuwa akiiandikia, konstraktivizimu.

"Kuna wataalamu wanasema nchi huogopana kwa sababu ya silaha na nguvu, imekwisha," binti alisema. "Hawa wangu wanasema silaha ni chuma tu. Kengele ana askari wenye bunduki nyuma yake. Umewahi kuwaogopa?"

"Niwaogope kwa lipi? Si ndio wanaoniazima pampu ya baiskeli."

"Umeona? Maana ya zile bunduki mmeijenga ninyi wenyewe, kwa salamu na mazoea. Urafiki wa nchi haudondoki kutoka mbinguni, Mama, wala uadui. Watu huutengeneza, wakauamini, mwisho wakaishi humo kama nyumbani."

"Na nyumba hiyo hubomolewaje?"

"Kwa njia ileile. Kwa maneno, kwa vitendo, kila siku kidogo."

Mama Fungua alicheka mpaka shuka likamponyoka. "Wangeniita mimi nikawafundishe hao walimu wako!" Alifurahi kweli. Mtoto kasoma, jamani, na alichosoma kiko hapahapa mlangoni kwake.

Halafu mawaziri wakagombana juu ya maji ya mto. Siku ya kwanza redio ilisema "majirani zetu". Siku ya tatu ikasema "wale". Siku ya sita ikasema "adui", na ikalirudia neno hilo saa baada ya saa. Wakaja askari wapya kutoka makao makuu, na kapteni wao, na mifuko ya mchanga. Ng'ambo nako ikapangwa mifuko ileile, ikaziba kibanda cha Kengele mpaka usawa wa kifua.

"Yule mzee unamjua?" kapteni alimuuliza.

"Namwona tu," akasema Mama Fungua.

Mnasikia? Miaka kumi na tisa, shemeji huyo, namwona tu! Aliona haya, ila hofu ilikuwa imekwisha kumshika pabaya. Kengele akikohoa, anajiuliza anamkoholea nani. Akivaa kofia, anajiuliza kwa nini leo. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, lakini huyu mwenzetu hakuumwa na nyoka yeyote. Alihadithiwa redioni.

Amri ikatoka: daraja linafungwa saa sita mchana, na atakayeonekana juu yake baada ya hapo atapigwa risasi. Asubuhi hiyo binti yake alituma ujumbe: "Chuo kimefungwa. Niko njiani, Mama." Tangu hapo simu yake haikupatikana tena.

Saa nne, kimya. Saa tano, kimya. Mama Fungua hakula wala hakukaa. Saa sita kasoro dakika nane, akamwona. Binti yake kaingia darajani na begi begani, peke yake, anatembea taratibu kama anayekwenda dukani. Askari wakainua bunduki.

"Ni mwanangu! Msipige, ni mwanangu!"

"Tulieni," kapteni akawaambia, darubini machoni.

Na hapo hapo, nyuma ya mifuko ya mchanga, Kengele akainama, akainuka na kitu kirefu cheusi mkononi. Akakiinua usawa wa bega, kikaelekea darajani, kwenye mgongo wa yule mtoto.

"Ana bunduki!" Mama Fungua akapiga ukelele. "Anampiga mwanangu! Ana bunduki!"

Mlio ukatoka upande huu, mmoja tu. Kengele akayumba, akapotea nyuma ya mifuko. Binti akajitupa chini juu ya mbao. Ng'ambo, bunduki zikajitokeza moja baada ya nyingine, na aliyekuwa katikati ya hizo zote alikuwa ni yule mtoto, uso chini.

Kisha Mama Fungua akasikia. Ngo. Ngo.

Kengele alikuwa amesimama tena, mkono mmoja unaning'inia na damu, wa pili umeshika nondo. Aligonga tena mara mbili, akiwapigia askari wake kelele wasifyatue. Bunduki hakuwa nayo. Hakuwahi kuwa nayo.

Mama Fungua akakimbilia rimu yake. Askari mmoja akamvuta gauni, likachanika, hakujali. Akagonga mara mbili, kwa nguvu zake zote. Ng'ambo mitutu ikashuka kidogo. Binti akainuka, akaja, akavuka kizuizi na kumwangukia mama yake kifuani.

"Kengele alinisindikiza mpaka getini kwake," binti alisema. "Akaniambia niende polepole, atakugongea nondo ujue ni mimi. Nani kasema ana bunduki?"

Kapteni alikwisha kulichukua begi lake na kumwaga vitabu na daftari chini. "Umetoka kwa adui dakika za mwisho, na adui wenyewe wakakulinda," alisema. "Hilo nitaliuliza vizuri." Kisha akatoa kalamu, akamgeukia mama. "Kwanza ripoti. Shahidi ni wewe. Yule mzee alishika nini?"

"Nondo," binti akasema. "Mama, mwambie. Nondo ya kugongea."

"Sijakuuliza wewe." Askari wawili walikuwa wamesimama nyuma ya binti, mmoja kamshika mkono juu ya kiwiko. "Mama. Kama ilikuwa nondo, basi askari wangu wamempiga raia aliyekuwa akimpa ishara huyu hapa, na itabidi tujue ishara ya nini. Kama ilikuwa bunduki, mwanao ni mtoto aliyeokolewa. Ilikuwa nini?"

Ng'ambo walikuwa wanambeba Kengele kwa machela. Mama Fungua aliuangalia ule mkono wa askari juu ya kiwiko cha mwanawe.

"Bunduki," akasema.

Kapteni akaandika. Akaokota begi, akamnyooshea binti. Binti hakulipokea.