Wembe Niliouficha Kwenye Soksi

Nikiwaambia kwamba mzee wa watu alipigwa kofi mbele ya kanisa zima kwa sababu mimi nilipenda wembe, mtadhani natia chumvi, na ningefurahi sana kama ningekuwa natia chumvi. Mkasa huu nimeusimulia mara mbili tu maishani, na mara zote mbili niliruka ile sehemu inayoniaibisha zaidi. Leo siiruki.

Nilikuwa weita katika hoteli moja ya Wazungu kule Thika, karibu na maporomoko ya Chania, ile miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ilipokuwa ikipigana na Mau Mau. Meneja wetu hakutaka kuona kidevu chenye nywele mezani. Kila asubuhi alitupanga mstari na kupitisha mgongo wa kidole shavuni mwa kila mmoja, kama mtu anayetafuta vumbi juu ya kabati. Sasa mimi nina ndevu ngumu zinazojikunja na kurudi ndani ya ngozi, na nilikuwa nanyoa kwa kijiwembe nilichokifunga kwenye kijiti (ndiyo, chekeni tu), basi shingo yote ilikuwa vipele, na meneja alikuwa ameshaniambia nikiendelea hivyo atanirudisha jikoni kuosha masufuria. Nikaamua kununua wembe wa kweli, ule wa kukunja wanaotumia vinyozi, niutumie kila siku mpaka nizeeke.

Duka lilikuwa la Mhindi mmoja mzee, mtu wa maneno machache. Aliniwekea nyembe tatu juu ya meza yake ya kioo, na mimi bila kufikiri nikanyakua ule wenye mpini mweupe unaong'aa. Akaninyang'anya.

"Hununui mpini," akasema. "Unanunua chuma."

Akanifundisha hapo hapo, nadhani kwa kuihurumia shingo yangu. Aliulaza ule wa mpini mweupe juu ya kioo, nikaona mwanga ukipita chini ya makali katikati, maana yake umepinda. Akaukunja, makali yakagusa ubavu wa mpini, maana yake utajiharibu wenyewe kila unapoufunga. Kisha akachukua ule wa pembe nyeusi ambao mimi sikuwa hata nimeutazama, akaulaza, haukupitisha mwanga hata kidogo, akaugonga kwa ukucha ukalia mlio mwembamba uliokawia kuisha. Nikaununua huo pamoja na ukanda wa ngozi wa kuunolea. Wiki mbili baadaye vipele vilikuwa vimekauka na meneja akipitisha kidole hasemi kitu. Nilichagua vizuri, na hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu kama ningenunua ule mbaya nisingejali ukipotea.

Wakati huo nilikuwa nataka kumwoa Wanjiru. Baba yake, Mzee Ndirangu, alikuwa mpishi katika shamba la kahawa upande wa Ruiru, na pia mzee wa kanisa, mtu ambaye hata Wazungu wa pale walimwamini. Alikubali niende Jumamosi nilale kwake, na Jumapili aende nami kanisani watu wanione. Meneja akanitilia sahihi cheti cha kusafiri, maana siku hizo Mkikuyu hakutoka Thika kwenda Ruiru hivi hivi. Mwenzangu mmoja wa hotelini akanishauri niuache wembe, kwa sababu askari njiani walikuwa wakichukua chochote chenye makali. Lakini mimi nilitaka kufika kanisani na uso laini kama yai. Nikauingiza kwenye soksi, nikapanda gari la moshi, na hakuna aliyenipekua mpaka Ruiru, nikajiona mjanja.

Asubuhi ya Jumapili nilinyoa nyuma ya jiko. Wanjiru aliniletea maji ya moto, akauona wembe, akasimama.

"Mwambie baba," akasema.

Nikamwambia nitamwambia baada ya ibada. Nikamwambia pia siwezi kuuacha nyumbani kwao, kwa sababu nyumba za wafanyakazi hupekuliwa watu wakiwa kanisani. Hilo lilikuwa kweli, lakini ukweli mkubwa zaidi ni kwamba niliona haya kumwambia mzee kwamba mkwe wake mtarajiwa ametembea na makali mguuni kwa ajili ya urembo. Nikaurudisha kwenye soksi.

Langoni pa kanisa tukawakuta homugadi, wale Waafrika wenzetu waliopewa silaha na serikali, pamoja na afisa mmoja Mzungu, kijana, wamewapanga wanaume mikono kichwani. Mzee Ndirangu akavua kofia, akamwendea yule afisa, ambaye alikuwa ameshakula mapishi ya mzee mara nyingi mezani kwa Mzungu mwenye shamba, akanionyesha kwa mkono.

"Huyu ni mtu wangu," akasema. "Hana kitu. Mimi nasimama kwa niaba yake."

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Sikufungua. Afisa akatikisa kichwa tupite, nami nikaanza kutembea nyuma ya mzee, na soksi zangu zilikuwa kuukuu zimelegea (pesa yote ilienda kwenye wembe), basi kila hatua wembe ukashuka kidogo, ukapita kifundo, ukaingia kiatuni, nikaanza kuchechemea. Homugadi mmoja akaniuliza nina nini. Nikasema nimeteguka mguu. Mzee, Mungu amrehemu, akageuka akanitetea tena, kwamba kijana ametoka mbali.

"Vua kiatu," akasema homugadi.

Wembe ukaanguka juu ya jiwe la mlangoni, ukalia vizuri sana, ule mlio mwembamba unaokawia, na watu wote wakausikia.

Homugadi hakunipiga mimi. Alimpiga mzee, kofi moja la upande wa kushoto, kofia ikamtoka mkononi na yeye akapiga goti moja. Hakuna aliyesogea, nami nilikuwa nimesimama na soksi moja, shavu langu laini. Mzee aliinuka mwenyewe, akanitazama bila hasira.

"Ungeniambia tu," akasema.

Afisa aliufungua wembe, akaujaribu kwenye nywele za mkono wake, akaridhika, akautia mfukoni. Sisi wawili tukachukuliwa, tukafungiwa. Mzee alitoka baada ya siku mbili, bwana wake alipokuja kumwombea. Mimi nilikaa zaidi, na siku hizo sizisimulii. Niliporudi hotelini nilipelekwa kwenye masufuria, na sikunung'unika. Lakini mzee alivuliwa cheo chake kanisani, na kwa miezi mingi watu waliogopa kukaa naye benchi moja, yeye aliyekuwa ametaka kunionyesha kwao.

Nilienda kumwomba msamaha. Alinipa chai. Nilipoanza kusema aliinua mkono, akaniomba nihamie upande wake wa kulia, kwa sababu sikio la kushoto lilikuwa limekufa. Basi nikahama, nikasema yote upya, yeye akisikiliza, na alipomaliza chai yake akaniuliza habari za Thika.

Wanjiru alinioa hivyo hivyo (nasema alinioa kwa sababu uamuzi ulikuwa wake), miaka miwili baadaye. Mzee aliishi muda mrefu na hakuwahi kulitaja jambo lile hata siku moja, nami kila nilipomtembelea nilikaa upande wa kulia.

Tangu siku ile, mtu akitaka kunisemea mahali popote, iwe kazini au kwa chifu, kwanza ninamwambia kila nilicho nacho, hata ambacho hakuuliza, na ikibidi ninapindua mifuko yangu mbele yake mpaka vumbi litoke. Watu hucheka. Wanjiru hacheki.