Batri ya Mbele ya Kamio ya Stanislas

Stanislas njo shofere yenye ninajua kupita bengine bote, juu mu miaka yangu ya kutembea-tembea nimepanda kamio yake zaidi ya mara kumi. Ni muntu wa Kabalo. Kambo yake, baba ya baba yake, alitumika ku reli, baba yake vilevile. Yeye njo wa kwanza mu jamaa kuacha reli na kushika barabara, na mupaka leo shangazi yake moja anamusemesha kama muntu mwenye alitoroka seminari. Iko mukimya. Iko na rozari mbele ya kioo, na kofia ya sufu yenye haitoe hata mu jua ya mwezi wa kumi. Ukimuomba kintu, hajue kusema hapana.

Kamio ni ya patron Damien, muntu wa Butembo, wa biashara ya jumla. Ni remorki ile ndefu. Mashini ya namna ile haiwake na batri moja, iko na mbili, zimeungwa pamoja mu kisanduku pembeni ya mulango, moja mbele, moja nyuma. Basi, kwa mwaka moja batri ya mbele ilikufa mara mbili. Ile ya nyuma, hata siku moja. Na zile za kwanza zilitoka duka moja, siku moja. Mekanisie aliangalia, akakuna kichwa. Stanislas aliombesha misa. Mimi nilisoma mupaka mwaka wa tano tu.

Ile siku ya ine ya juma tulitoka Pweto na samaki ya kukauka ya Mama Domitille, mwenye kuuzisha ku soko ya Kampemba. Miye nilikuwa natoka kusalimia dada yangu. Tulikuwa batatu mu kabini, Stanislas, Mama Domitille na miye, na harufu ya samaki ilikuwa ya ine. Kisha kupita Kasomeno, Stanislas alisikia pneu moja ya gurudumu inaimba vibaya. Akasimama, akazima moteri, akashuka kuangalia. Pneu ilikuwa muzima. Alipanda, akageuza ufunguo.

Tik.

Akageuza tena. Tik.

"Mama yangu," akasema pole pole, kama muntu mwenye anasoma telegramu.

Iko na ka ampule kadogo, ka taa, kenye nyuzi mbili, njo kadaktari kake. Alifungua kisanduku, akagusa batri ya nyuma, ampule ikawaka nyeupe. Akagusa ya mbele, ikawaka nyekundu kama moto ya sigara. Akagusa tena ya nyuma, tena ya mbele. Aligusa labda mara kumi. Batri ya mbele ilikuwa na miezi mitatu tu toka kununuliwa.

Alikaa chini mu majani. Kiisha akasema: "Ni Chisanga."

Lazima nieleze. Ku parking yetu ya Kampemba, shofere akirudi anatoa batri zake bote mbili, anazipa sentineri, mulinzi wa parking, na ule anazifungia mu kanyumba kake mupaka safari ingine, juu bezi ba batri ni bengi. Sentineri njo Chisanga. Hakuna mukono mwingine unagusa. Na Chisanga na Stanislas ni barafiki ba miaka kumi na moja, wanakula bukari, ugali yao, mu sahani moja, wanatukanana kwa muchezo kama bashemeji.

"Chisanga atafanya nini na batri yako?" nikamuuliza.

"Anatoa ya muzima, anatia ya zamani. Anabadirisha tu karatasi ya juu."

"Ulimuona?"

"Vieux, muzee wangu, batri mbili ni kama mapasa. Namna gani moja tu njo inakufa kila mara? Muntu iko ndani ya hii mambo."

Kwa kweli, vile alisema, hata mimi nilianza kuona mikono ya Chisanga.

Réseau ya telefone haikuwa. Stanislas alipanda juu ya kichuguu, kile kikubwa kama nyumba, akanyoosha mukono na telefone mupaka ikashika. Tulimusikia kutoka chini: "Patron, kamio imekufa tena. Ni sentineri... Ndiyo patron. Chisanga... Ndiyo." Alishuka na uso ya muntu mwenye amekula kintu cha kuoza.

"Anasema nini?"

"Anamufukuza leo, mbele ya saa kumi."

Mama Domitille alikuwa anajipepea na kipande cha karto. Akasema: "Papa Stani, sasa niletee kamba yako, nichaji telefone. Mutoto wangu Dorcelle ananingoja ku soko, hajue kama tumekwama njiani."

"Kamba gani?" nikauliza.

"Ile ya kamio. We vieux unapanda mara kumi, haujaiona? Pa Pweto courant ya umeme hakuna. Papa Stani akifika, bamama bote ba samaki tunachajia pale. Telefone, malampi, hata radio ya katekista. Siku mbili, usiku na mchana. Shofere mwengine anakataa, yeye hapana."

Stanislas alitoa kamba chini ya kiti. Ilikuwa ndefu, na kichwa chake kiliingia mu kisanduku. Nilifuata na macho. Ilikamata batri ya mbele. Ya mbele tu.

"Juu ya nini haigusi ya nyuma?"

"Telefone haiwezi nguvu ya bote mbili," akasema. "Itaungua. Unakamata moja tu."

Mimi si muntu wa mashini. Nikasema vile nilikuwa nawaza: "Basi ni kama bantu babiri benye kubeba mbao moja. Na huyu wa mbele kila siku munamupandisha tena mutoto ku mugongo."

Alinitazama. Akatazama Mama Domitille. Kofia akaitoa, njo siku ya kwanza nilimuona kichwa.

"Hapana," akasema. "Hapana, vieux." Alitazama kamba mu mukono yake kama ni nyoka alilala nayo. Kiisha akakamata pinsi, akaikata bipande-bipande, akatupa mu majani. Njo pale alikumbuka patron. Akapanda kichuguu mbio, akainua telefone, akaishusha, akaitikisa.

"Imezima."

Ya Mama Domitille ilikuwa imezima toka asubuhi. Mimi sina. Na kamba ya kuchajia ilikuwa bipande mu majani.

Saa saba hivi shofere mumoja wa Kasenga alisimama, akatupatia nguvu ya batri zake, moteri ikawaka. Alimupa Stanislas telefone yake pia. Stanislas aliishika, akapanda tena kichuguu, akaangalia anga. Namba ya patron hakuijua ku kichwa. Alijaribu namba tatu: muntu wa Likasi, sauti ya mwanamuke ya mashini, na muntu mwenye kulia. Akairudisha, akasema aksanti.

Barabara yote hakuzima moteri.

Tulifika Kampemba saa kumi na moja. Chisanga alikuwa inje ya mulango ya parking, amekaa juu ya bido ya maji, mufuko yake kwenye magoti. Patron Damien alikuwa ndani, anamuonyesha sentineri mupya funguo. Sentineri mupya alifungua mulango. Stanislas hakuingiza kamio. Aliiacha katikati ya barabara, moteri inanguruma, bantu banapiga klaksoni nyuma, akashuka.

"Patron, nilisema uongo. Hapana, haikuwa uongo, sikujua. Ni mimi. Ni bamama ba Pweto, mbele tu, ya nyuma hapana..."

"Bamama gani?" patron akauliza. "Unasema nini, Stanislas?"

Alichora mu udongo na kidole: batri mbili, kamba, telefone. Patron aliinama juu ya ule mchoro.

"Sielewi hata kidogo," akasema. "Huyu muntu ameiba, ao hakuiba?"

"Hakuiba."

"Basi umenifukuzisha muntu bure. Rudisha funguo, wewe," akamwambia mupya. "Kesho utanielezea tena, na mekanisie iko pale."

Chisanga alichukua funguo, hakusimama. Alitazama mchoro mu udongo, akamutazama Stanislas.

"Ba Stani," akauliza, "walisema mimi nilifanya nini?"

Hakuna mwenye alikuwa amemuambia.

Stanislas alienda ku kisanduku cha batri, moteri inanguruma bado, akasimama pale, kofia mu mukono, akingoja Chisanga amufuate ili amuonyeshe.