Ubavu Asioulalia Mzee Mudi

Baba yangu, Mzee Mudi, ana kiungulia ambacho kimenishinda. Nasema kimenishinda mimi, maana yeye halalamiki. Akilala tu kinapanda, anakohoa mpaka machozi yanamtoka, anatema uchungu kwenye kopo, kisha anakaa kitako hadi adhana ya alfajiri. Mwaka mzima sasa. Amekonda, suruali anaifunga kwa kamba.

Nesi Editha wa zahanati alimpa dawa, akatuambia na tuweke matofali chini ya kitanda. Nikacheka. Hapa Magomeni ya Kilosa nani hana matofali chini ya kitanda? Mto Mkondoa ukikasirika unaingia ndani bila hodi, kwa hiyo kila mguu wa kitanda una tofali lake. "Yapo tayari, nesi," nikamjibu, tukaondoka zetu.

Miezi mitatu! Miezi mitatu nailaani dawa, kumbe mjinga ni mimi. Tuliporudi, Editha alijishika kichwa. "Dada Yusrah, ni upande wa kichwani tu! Kitanda kiteremkie miguuni, tindikali ya tumbo ishindwe kupanda. Ukiinua kote si ni yaleyale?" Nilitamani ardhi inimeze. Akamgeukia baba, akapaza sauti: "Na ulalie ubavu wa kushoto, babu. Ukilalia wa kulia ndiyo inapanda zaidi."

Baba akaitikia kwa kichwa.

Nikaongeza matofali kichwani. Akapata nafuu, lakini kidogo tu, kwa sababu kila nikimchungulia amelalia kulia. Namgeuza, nampachika mto mgongoni, nikirudi, kulia. Jamani! Asubuhi moja nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea baba yangu mzazi, Mungu anisamehe. "Unataka nikuzike, baba? Huko kushoto kuna nini?"

Alikuwa anakunywa uji. Akaweka kikombe chini. "Keti, mwanangu."

Sikio lake la kulia lilikufa zamani, kwenye mashine za mkonge. Hilo nalijua, ndiyo maana sote tunamsemesha upande wa kushoto. Nilichokuwa sikijui ni hiki kingine.

"Usiku ule maji yalipokuja," akasema, "nilikuwa nimelalia kushoto. Sikio zima nimelilalia. Mama yako aliniita. Lazima aliniita, Sikuzani hakuwa mtu wa kuondoka kimya. Nilishtuka godoro limelowa, yeye hayupo."

Wakati huo nilikuwa nimeolewa Mikumi. Miaka kumi naambiwa mama alichukuliwa na maji, basi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba baba alikuwa amelala pembeni yake. Nililia pale pale, uji ukapoa.

"Basi lalia kushoto, baba," nikasema. "Mimi nitakusikilizia."

"Wewe?" Akacheka kidogo. "Wewe unakoroma, Yusrah." Kicheko kikageuka kikohozi, nikamshikia kopo.

Nifanye nini? Nimwambie nesi amzibue sikio? Nimwambie Mkondoa uhame? Nina matofali, nina dawa, nina mto wa kumpachika mgongoni, na vyote havifui dafu.

Masika yameanza juzi. Jana nimemtandikia, nikamwekea mto kama nesi alivyosema. Akautazama, akanishukuru vizuri tu, akausogeza pembeni. Mvua ilikuwa inapiga bati. Akajigeuza taratibu, akalalia kulia, sikio lake zima likabaki juu.

Sikumgeuza.