Sarafu Nyeusi ya Kaviha

Kaviha, fundi cherehani wa Magogoni, alirithi kwa nyanyake sarafu mbili za fedha za enzi za mkoloni. Ya kwanza aliisugua kwa limau na majivu. Iling'aa kweli, lakini maandishi yakafutika, na moyo ukamuuma sana.

Siku ya maonyesho ya sarafu, bintiye Faith alishika dawa ya meno.

"Baba, hii nyeusi itatutia aibu. Niisugue kidogo tu?"

"La, mwanangu. Weusi huo umeilinda miaka yote. Ukiutoa, haurudi."

Akaipeleka vivyo hivyo, ndani ya kitambaa laini. Mwamuzi aliitazama kwa lenzi, akaita wenzake.

"Njooni muone! Haijasuguliwa kamwe, kila herufi inasomeka!"

Ikatangazwa ya kwanza. Faith akapiga vigelegele, naye Kaviha akapanda jukwaani akicheza.