Kinda wa kunguru niliyemfunga tepu ya umeme nikidhani namsaidia

Wakuu, habari za muda huu.

Naanza na kosa lenyewe, anayetaka kunicheka anicheke mapema: nilimfunga kinda wa kunguru bawa kwa tepu nyeusi ya umeme, ndani ya dakika kumi tangu nimwone, bila kuuliza mtu. Mengine yote yametoka hapo. Sitapunguza kitu, hata yale ya aibu, maana hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Nina miaka ishirini na minne, naishi na mama yangu Kilindoni, Mafia. Natengeneza simu. Sijasomea, nimejifunza kwa video. Sisi wa kujifunza wenyewe tuna ugonjwa mmoja, tunaogopa kuonekana hatujui. Wangu umezidi. Simu ikishapona huwa naifungua tena kuhakiki skrubu.

Twende kwenye kisa.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafagia uani. Chini ya mti wa mkungu, karibu na pipa la maji, nikamwona. Ana manyoya mwili mzima, mkia mfupi kama umekatwa, macho ya kijivu yenye ubluu. Bawa la kushoto linaning'inia. Hakukimbia. Alinitazama tu, akafungua mdomo, ndani mwekundu.

Nikasema huyu ameanguka, amevunjika bawa.

Nikaingia mtandaoni nikapata video ya mtu anamfunga njiwa bawa. Yeye alitumia bandeji. Mimi bandeji sina, nina tepu ya kazini. Nikafunga. Na wakuu, nilifunga vizuri. Mizunguko mitatu, imelala sawasawa, haina mkunjo. Nikapiga na picha.

Nilipomweka tu kwenye boksi, nje pakachafuka.

Walianza kunguru wawili, wakawa sita, mwisho sikuhesabu. Juu ya bati, juu ya mkungu, kelele mpaka redio haisikiki. Mama alitoka kwenda chooni (choo chetu kiko nje), akarudi ameshika kichwa. Mmoja alimshukia akampiga utosini, mtandio ukadondoka.

Nikamweleza kwamba nimemsaidia mtoto wao.

"Wao wanajua hivyo?" akauliza.

Kuanzia hapo mama akawa anakwenda chooni na ungo kichwani. Leo nacheka, siku ile sikuweza.

Nyuma ya ua wa makuti anakaa Bi Rukia, mfuga kuku. Wiki ile kunguru walikuwa wameshambebea vifaranga wanne. Kelele zilipozidi akaja mpaka kwetu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anatazama boksi.

"Mwanangu, ndiyo unanilelea mwizi wangu?"

Akasema nimpe, yeye atamalizana naye. Nikamwomba, mama naye akamwomba. Mwishowe akakubali kuwafunika vifaranga wake kwa tenga siku tatu, kuanzia ile ile. Zaidi ya hapo hawezi kuwanyima jua. Siku ya nne akimkuta kinda yuko chini, ni wake.

Siku tatu, na kinda hali chochote.

Nilimpa dagaa wa kusaga, yai la kuchemsha, uji. Amefumba mdomo. Nikachora jedwali kwenye daftari, kila nusu saa naandika alichokula. Ukurasa mzima una neno moja: hajala. Nikawaza bawa linamuuma, labda sikukaza vya kutosha, nikaongeza mzunguko mmoja wa tepu.

Ndiyo. Nikaongeza.

Jumapili asubuhi nilimkuta amelala kifudifudi, shingo imelegea. Nikampigia dada mmoja mtaalamu wa mifugo, mteja wangu. Alikuwa kijiji cha Kanga anachanja kuku, hawezi kuja siku ile. Akaniuliza kama kinda ana manyoya mwilini, kama alikuwa anasimama, na kama wazazi walikuwa karibu. Nikajibu ndiyo kwa yote.

"Basi hakuanguka huyo, alishuka," akasema. "Wanashuka hivyo kabla hawajajua kuruka, wazazi wanawalisha hapohapo chini. Mrudishe ulipomtoa, wewe uingie ndani."

Nikamuuliza kuhusu bawa kuning'inia. Akasema huenda ni uchovu tu, kama hakuna uvimbe wala jeraha nisihangaike.

Hapa naomba mnisome taratibu. Sikumwambia kuhusu tepu. Mtandao ulikuwa mzuri, na yeye hakuwa mkali. Nilinyamaza kwa aibu, kwa sababu ananijua kama fundi. Nikamshukuru, nikakata simu.

Nikaamua nitaibandua mwenyewe, nimrudishe, hakuna atakayejua.

Nikajifungia chumbani. Nikashika ncha ya tepu, nikavuta. Manyoya mawili makubwa ya bawa yakatoka nayo, na pale yalipotoka damu ikaanza kudondoka sakafuni, tone linafuata tone. Kinda akatoa sauti moja, na wale wa juu ya bati wote wakalipuka.

Nikaminya kwa kidole, damu ikapita pembeni. Ndege mdogo vile ana damu kiasi gani? Nilikuwa nalia. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Ya tatu ikaita.

"Dada, sikukwambia yote. Nilimfunga tepu. Nimeibandua, anatoka damu."

Nikasubiri matusi.

"Unga wa ngano upo?" akauliza. "Weka hapo, minya, usiachie mpaka uhesabu mia tatu. Na usivute tena."

Nikamwita mama. Akasimama mlangoni, akaona damu, akaona tepu. Akaleta unga, akamfunika kinda kichwa kwa kanga, akamshika. Mimi nikahesabu. Kwenye mia mbili na kitu nikapotea, nikaanza upya, ndivyo nilivyo. Damu ikasimama.

Tepu iliyobaki ilitoka kwa mafuta ya nazi, dada anaelekeza kwa spika: pamba, tone dogo, kwenye gundi tu, maana manyoya yakilowa mafuta hataruka wala hatastahimili mvua. Ilituchukua zaidi ya saa nzima. Chini yake bawa lilikuwa zima. Kinda alilikunjua mwenyewe, akalikunja.

Alasiri tukamrudisha, nikamweka kwenye tawi la chini la mkungu. Tukaingia ndani, tukachungulia dirishani.

Kelele zikakatika. Ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko kelele. Nikawaza ananuka mikono yangu, ananuka nazi, watamkataa. Kunguru mmoja akashuka kwenye pipa, akamtazama, akaondoka. Nikamwambia mama nimemuua.

"Tulia," akasema.

Yule kunguru akarudi, ana kitu mdomoni. Kinda akafungua mdomo, mabawa yanatetemeka, akala.

Jumatatu nilimkuta ameshuka tena chini. Anaruka kimo cha goti, anaangukia upande wenye pengo. Nilimhesabia majaribio mpaka mama akaninyang'anya daftari. Jioni Bi Rukia alinikumbusha kwamba kesho ni siku ya nne.

Jumanne nilitoka mapema kabla yake. Chini ya mkungu hakuna kitu. Nikatafuta manyoya, nikatafuta damu. Nilipoinua kichwa nikamwona juu ya bati la choo, anajichokoa bawa, pengo linaonekana kabisa.

Bi Rukia alipokuja nilimwonyesha mwenyewe. Akamtazama.

"Kapanda," akasema. "Basi si wangu."

Akaenda kufunua tenga.

Nilichojifunza: kabla ya kusaidia, tazama kwanza kama kuna anayehitaji msaada. Na ukimuuliza anayejua, mpe habari yote. Ushauri niliopewa mara ya kwanza ulikuwa mzuri, tatizo nilimficha mtoa ushauri nusu ya habari.

Wenye uzoefu na ndege, manyoya ya bawa yaliyong'oka huchukua muda gani kuota? Dada anasema yataota, ila bado nawaza. Na nani mwingine amewahi kuharibu kitu kwa kukisaidia? Karibuni, hata wa kunisema.

Mama yangu kunguru hawamgusi tena. Mimi bado wananishukia.

Kilichobadilika ni kimoja. Nikiharibu simu ya mteja, nampigia saa ileile namwambia nimeharibu nini, kabla sijaanza kuirekebisha. Mwezi huu nimeshawapigia wawili.