Mashine Iliyonianika Sokoni Baraka

Chekeni tu, mi mwenyewe nimeshacheka. Kazi yangu sokoni Baraka ni kutafsiri. Mama Riziki, muuza unga, anajua Kiswahili na Kibembe. Mzee Rukundo, anayeteremka na jibini kutoka milimani, anajua Kinyarwanda tu. Wakitaka kuuziana, mi nakaa katikati.

Mama husema, "Umuambie huyu jibini yake ya juma jana ilikuwa mbovu, na yeye iko mwizi!" Nami namwambia mzee, "Mama anakusalimia, anauliza ng'ombe wameamkaje." Mzee hulalamika kwamba unga umejaa mchanga, nami namwambia mama, "Anausifu unga wako." Vita viko karibu, na neno moja chungu linatosha kufunga njia ya milimani.

Juzi mpwa wangu akaleta simu yenye akili ya mashine: inasikia lugha moja, inatamka nyingine. Kwa majivuno nikawaita wale wawili waijaribu, utadhani nimeiunda mimi. Sikuwaza mbali.

Mama akasema yake ya kila siku. Simu ikayatamka yote, hata wizi. Mzee akakodoa macho, akaijibu, nayo ikasema kwa sauti tamu: "Kumbe! Na mimi kwa zile salamu zake nilikuwa ninamkatia kipande kikubwa!"

"Na mi kwa zile sifa zake nilikuwa namuzidishia unga!" mama akapiga kelele.

Wakanigeukia, na soko zima likanigeukia. Kisha mzee akaiinamia simu tena, ikatamka: "Zimeni mashine hii. Turudishieni mwongo wetu."